Mwongozo wa Kununua Springi Nyepesi, kwa Asiyejua Anachojitafutia

Swali la kwanza utakaloulizwa katika duka la springi Kitengela ni "Unabeba nini?" Jitayarishe. Ukijibu kwamba hubebi kitu, muuzaji atakutazama kama mtu aliyeingia buchani kuomba mfupa usio na nyama. Huku kila gari hubeba. Pikapu hubeba mbuzi kutoka soko la Il Bissil, Canter hubeba nyanya na vitunguu kutoka Loitokitok, lori la kokoto linahudumia nyumba zinazochipuka kila upande kuanzia Noonkopir hadi Isinya. Wote hao wakija dukani wanataka springi iongezwe nguvu. Hakuna aliyewahi kuingia akasema, "Nipe iliyo dhaifu kuliko hii." Wewe utakuwa wa kwanza, na bei itapangwa kwa kuzingatia hilo.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyenunua Datsun 1200 ya mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukaipaka rangi, ukaitia injini iliyotoka katika gari jingine, na sasa unataka kuipeleka kwenye mbio za dragi: magari mawili, mstari mnyoofu, mita 402, anayefika kwanza ndiye. Umesikia kwamba gari jepesi hukimbia. Ni kweli. Umesikia pia kwamba springi za nyuma ni vyuma vizito tu, na kwamba ukivipunguza umepata mwendo wa bure. Maneno hayo yamelisha familia za mafundi wengi, na ya mmoja wao niliilisha mimi.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Datsun ya aina hii haina koili nyuma. Ina vyuma bapa vilivyopinda kama upinde, vimepangwa kimoja chini ya kingine, kirefu juu na kifupi chini, vikashikwa katikati kwa senta bolti na kufungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti. Vitabu husema majani. Mafundi husema lifu, na kwa kuwa fedha zako zitaenda kwa mafundi, tuseme lifu.

Usipime gari

Wapo watakaokushauri upime gari kabla ya kununua chochote. Wapuuze. Kupima ni kazi ya wauza mahindi, na ya malori pale Mlolongo na Isinya. Ukipima utagundua mambo yatakayokuharibia furaha. Utagundua kwamba Datsun hii ilitoka kiwandani ikiwa na kilo 700 hivi, kwamba sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele chini ya boneti, na kwamba springi za nyuma zina mzigo mdogo sana kuliko ulivyodhani. Utashawishika kupandisha mizani tairi za nyuma peke yake, ukiwa umeketi kwenye kiti chako na tangini mna petroli ya mashindano tu, kisha uandike nambari hiyo kwenye karatasi. Mtu mwenye karatasi kama hiyo mfukoni ni vigumu kumuuzia kitu.

Ukishindwa kujizuia, itafute mizani ya magari ya saruji au ya vyuma chakavu upande wa Athi River. Utaona kwamba mizani ya malori husoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Weka hilo akilini wakati tukipiga hesabu.

Chukua lifu moja ya katikati. Tuseme upana wake ni milimita 60, unene milimita 6, urefu sentimita 70. Sentimita moja ya ujazo wa chuma ina gramu 7.85. Zidisha mwenyewe: kilo 2 haifiki. Ukitoa lifu moja kila upande umeokoa kilo 4 kasoro, yaani kitu ambacho mizani ya saruji haitakiona kabisa. Petroli ya lita 20 ina kilo 15 hivi. Tairi la akiba, jeki na spana ulizozisahau kwenye buti ni zaidi ya hapo, na kuvitoa hakuhitaji fundi. Sitaji nyama choma ya Jumapili na ugali wake, kwa sababu najua mahali unapokula, na mimi huketi meza ya pili.

Lakini usifuate njia hiyo ya buti tupu. Haina picha ya kuwatumia marafiki.

Kazi ambayo hutaambiwa

Springi ya nyuma ya gari hili ina kazi mbili, na dukani utatajiwa moja. Ya kwanza ni kubeba. Ya pili ni kuishika ekseli isigeuke, na hapa ndipo mtu anaposhinda au kushindwa katika mbio za dragi.

Unapoachia klachi kwa nguvu, tairi zinasukumwa mbele. Jambo hilo halipiti bure: ekseli yenyewe inataka kuzunguka kinyume, na pua ya difu inainuka kuelekea sakafu ya gari. Hakuna fimbo wala mkono mwingine wa kuizuia. Kinachoizuia ni nusu ya mbele ya springi, kutoka kwenye ekseli hadi kwenye jicho lililofungwa kwenye bodi. Nusu hiyo ikiwa laini, springi inajikunja kama herufi S. Ikifika mwisho wa kujikunja inarudi kwa kishindo, tairi linaachia lami. Likitua linashika tena, springi inajikunja tena, linaruka tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Ukiwa ndani utadhani kuna watu wanapiga sakafu kwa nyundo. Ukiwa nje utaona gari linacheza kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Waliokimbiza magari ya springi hizi walilijua hilo mapema. Hannu Mikkola aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1972, Ford Escort yake ilikuwa na springi za lifu nyuma. Joginder Singh naye alishinda mwaka 1974 na tena 1976 kwa Mitsubishi Lancer 1600 GSR, nayo ina springi za lifu nyuma. Kwa hiyo mtu akikuambia springi za namna hiyo ni za mikokoteni, una majina mawili ya kumfunga mdomo. Tahadhari tu asikuulize swali la pili. Springi za Safari ziliandaliwa kwa mashimo, mawe na mito, na hakuna aliyekuwa akizipunguza ili gari liwe jepesi. Ufundi wetu wa springi umekulia kwenye mashindano hayo na kwenye barabara zetu, kwa hiyo mafundi wetu wanajua vizuri sana namna ya kufanya springi isivunjike. Wewe unaomba kitu kingine.

Waliokifanyia kazi kitu hicho ni Wamarekani. Chrysler, katika miaka ya sitini, walitengeneza springi maalumu za dragi zenye nusu ya mbele fupi na ngumu, nusu ya nyuma ndefu na laini. Yaani waligawa zile kazi mbili: mbele ishike ekseli, nyuma ibebe. Tena springi ya kulia haikuwa sawa na ya kushoto. Sababu ni kwamba propela shafti ikizunguka inaisukuma ekseli upande mmoja, na tairi la kulia ndilo linalopungukiwa uzito. Difu ya kawaida inapeleka nguvu kwenye tairi lililo jepesi, basi tairi la kulia linabaki kutoa moshi huku la kushoto likitazama.

Na hapa Mkenya ana bahati ambayo Mmarekani hana. Sisi tunakaa kulia. Kitambi chako, msomaji, kiko upande uleule wa tairi lenye shida. Ni mahali pekee katika michezo yote ambapo kitambi kinahesabiwa kuwa kifaa.

Utasikia pia habari za springi za faiba. Zipo, na si uongo. Chevrolet Corvette ya mwaka 1981 iliwekewa nyuma springi moja ya faiba yenye kilo 3.6 hivi, badala ya ya chuma iliyokuwa na kilo 18 na ushei. Hiyo ndiyo tofauti ambayo hata mizani ya saruji ingeanza kuishuku. Lakini ile ilikaa kwa upana wa gari, na haikuwa na kazi ya kushika ekseli. Siku hizi zipo za faiba zilizokatwa kwa mfano wa lifu za kawaida, kwa magari ya Kimarekani. Mtu akikuambia anayo ya Datsun 1200 na kwamba iko njiani kutoka Mombasa, mwambie ikifika akupigie.

Njia tatu za fundi

Ukishakataa kupima na kukataa kufikiri, uko tayari kwa fundi. Fundi mwema ana njia tatu za kuipunguza springi, na atakupa zote kwa zamu.

Njia ya kwanza ni kutoa lifu. Springi yako ikiwa na lifu tano za unene mmoja na akatoa mbili, umepoteza asilimia 40 hivi ya ugumu, na sehemu ya kile kilichoondoka ndiyo iliyokuwa ikiizuia pua ya difu. Atajaribu kazi yake kwa kukalia buti mara mbili na kusema, "Iko sawa."

Njia ya pili ni grainda. Atakuambia lifu haitaondolewa, itasuguliwa tu kidogo iwe nyembamba. Hili linasikika la kiungwana. Tatizo ni kwamba ugumu wa lifu haufuati unene kwa mwendo wa kawaida. Unafuata unene uliozidishwa kwa unene na kwa unene tena. Milimita 6 zinakupa 216. Milimita 5 zinakupa 125. Kwa kusugua milimita moja umetupa zaidi ya asilimia 40 ya ugumu na kuokoa moja ya sita ya uzito. Juu ya hayo, mikwaruzo ya grainda ikikaa kwa upana wa lifu, ndipo ufa utakapoanzia.

Njia ya tatu ni moto. Gesi inawashwa, lifu inapashwa mpaka iwe nyekundu, inagongwa, inaachwa ipoe yenyewe karibu na chai. Gari linashuka, linapendeza. Chuma cha springi hupata tabia yake kwa kupashwa, kuzamishwa kwenye mafuta na kupashwa tena kwa kipimo. Ukikirudisha kwenye moto bila kumaliza safari hiyo umekirudisha kuwa chuma cha mlango. Kuchomelea lifu iliyovunjika ni dhambi ya jamii hiyo hiyo. Ukiwa na shaka na lifu uliyouziwa, chukua tupa ujaribu ukingoni. Tupa ikila chuma kama inavyokula msumari, chuma hicho kimelainika.

Ajabu ni kwamba Kajiado wapo watu waliolijua jambo hili kabla ya gari la kwanza kupita Namanga Road. Wahunzi wa Kimaasai, Ilkunono, ni mabingwa wa zamani wa chuma na moto, na simi nyingi unazoziona viunoni leo zilikuwa springi za gari. Chuma chenye kaboni ya kutosha, kinachokubali kuzamishwa na kushika makali, kinapatikana chini ya lori bovu kwa bei nafuu kuliko popote. Kwa maneno mengine, lifu uliyoitoa haitapotea. Ina wateja wenye haraka kuliko wewe.

Mimi nilichagua njia ya kwanza. Fundi wangu (simtaji, na karakana yake imehama) alilizunguka gari, akaligonga tairi kwa kiatu, akasema:

"Bosi, hii gari ni nyepesi. Lifu tano za nini? Tukitoa mbili itaruka."

Alikuwa mkweli. Iliruka. Nilikuwa uwanjani, penye ruhusa na gari la wagonjwa, nimepangwa na mzee mmoja mwenye Corolla ya zamani ambaye springi zake zilikuwa za kiwandani, nzito, zimepakwa grisi mpaka mwisho. Nikaachia klachi. Tairi zikashika, zikaachia, zikashika, na kwenye mruko wa nne yunivasoli ikakatika. Propela shafti ikaanguka mbele na kupiga sakafu chini ya kiti changu. Namshukuru rafiki aliyenilazimisha kufunga pete ya chuma chini ya shafti hiyo. Bila pete ile ningekuwa naandika kwa mkono mmoja, au nisingekuwa naandika. Gari likasimama baada ya mita 30. Zilibaki 372. Yule mzee alifika, akageuza, akarudi, akanikuta palepale. Akachungulia chini ya gari, akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu.

"Kijana, zingine ulimpa nani?"

Mahali pa kujaribu

Utashawishika kujaribu kwenye Namanga Road saa tisa usiku. Faida yake ni kwamba hakuna kiingilio. Hasara zake ni malori ya kutoka mpakani, matuta yasiyopakwa rangi, punda wasio na taa, punda milia ambao pia hawana taa, na Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo hairuhusu mashindano ya mwendo kwenye barabara ya umma bila idhini. Hapa, tofauti na kwingine katika mwongozo huu, sifanyi mzaha: subiri siku ya mashindano yaliyoidhinishwa na shirikisho la michezo ya magari.

Kuna habari moja njema. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu kwa hewa hii nyembamba. Gari lililokatika yunivasoli Kitengela lingeikata mapema zaidi Mombasa.

Kwa wakaidi

Najua wapo wasomaji wasiosikia. Wanataka kufanya vizuri hata baada ya yote haya. Kwao nina aya hizi chache, nami nisilaumiwe wakishinda.

Anza na springi za saluni, si za pikapu. Zinafanana machoni, lakini ya pikapu iliundwa kwa mzigo. Usiiguse ile lifu ndefu ya juu yenye macho mawili. Kama ni lazima upunguze, fanya hivyo upande wa nyuma wa ekseli: fungua vibanio vya lifu za nyuma zipate kucheza, na vile vya mbele vikaze barabara, ili nusu ya mbele iwe kama chuma kimoja. Ikiwa injini ina nguvu kuliko ile ya cc 1171 iliyozaliwa nayo, funga chini ya springi upau unaotoka kwenye ekseli kwenda mbele, wenye kipande cha mpira kwenye ncha yake, chini ya jicho la mbele. Springi ikitaka kujikunja, mpira unagonga na pua ya difu inatulia. Upau huo utakuongezea kilo kadhaa. Ndiyo, utaongeza uzito ili uende haraka, na hili usimweleze mtu baa.

Bushi ziwe mpya. Yu-bolti ziwe mpya pia, kwa kuwa zikishakazwa mara moja zimevutika na hazishiki tena kama mwanzo. Zikaze, endesha kidogo, zikaze tena.

Kisha ipime springi kama Robert Hooke alivyoeleza mwaka 1678, kwamba mzigo ukizidi mara mbili, springi inashuka mara mbili. Nunua mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja, ambayo Kitengela hutaikosa hata usiku wa manane. Pima kwa rula kimo kutoka ekseli hadi bodi. Weka mfuko mmoja juu ya ekseli, pima. Weka wa pili, pima. Hatua mbili zikiwa sawa, na kushoto na kulia zikikubaliana, una springi. Ya pili ikiwa kubwa mno, una mapambo. Ukimaliza, saruji jengea banda la gari.

Mimi nilifanya hayo yote baadaye, kwa springi za kuokoteza kutoka maduka ya vipuri ya Grogan ambazo hazilingani vizuri. Zile za kiwandani nilizozaliwa nazo, kwa maana gari lilizaliwa nazo, fundi alizichukua siku alipohamisha karakana, lifu zilizotolewa na zilizobaki. Nimezifuatilia. Ziko chini ya mkokoteni wa punda unaouza maji Noonkopir, zimerudishwa zote tano, na hupita mbele ya lango langu asubuhi na jioni na mitungi kumi ya lita 20 juu ya ule udongo mweusi bila kulia hata kidogo. Nimemwendea mwenye punda nikamwomba aniuzie, bei aitaje mwenyewe.

"Unabeba nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sibebi kitu. Hajaniuzia hadi leo.